Timu ya meneja ni sehemu ya mtaji

WAFANYABIASHARA wengi, wanapohesabu mali zao mwisho wa mwaka, huandika bidhaa zilizomo stoo, fedha zilizopo benki, magari, na madeni wanayowadai wateja. Watu wanaoiendesha mali hiyo hawaandikwi popote. Hali kadhalika mwekezaji mdogo anayenunua hisa huangalia bei ya juma lililopita na gawio la mwaka jana, akasahau kuuliza nani anaiongoza kampuni na anafanya kazi na watu gani.

Kutoandikwa kwao hakuna maana kwamba hawana thamani. Mizania huonyesha hali ya kampuni siku moja tu, yaani siku hesabu zilipofungwa. Itakavyokuwa miezi 12 baadaye hutegemea kwa kiasi kikubwa meneja na timu yake. Historia ya masoko yetu ya Afrika Mashariki ina mifano miwili inayolieleza jambo hili vizuri, mmoja wa kupanda na mwingine wa kushuka.

Equity: kutoka shimoni hadi soko la hisa

Equity Building Society ilianzishwa nchini Kenya mwaka 1984 kama chama cha kukopesha fedha za nyumba. Kufikia mwaka 1993 ilikuwa taabani. Asilimia 54 ya mikopo yake ilikuwa hailipiki ipasavyo. Hasara iliyolimbikizwa ilifikia shilingi milioni 33 za Kenya, wakati mtaji uliolipwa ulikuwa shilingi milioni 3 tu. Fedha za wateja zilikuwa zikitumika kulipia gharama za uendeshaji. Benki Kuu ya Kenya iliihesabu kuwa imefilisika kitaalamu.

Mwaka huo Peter Munga, mmoja wa waanzilishi, alimwita mhasibu James Mwangi kusaidia kuiokoa. Hapakuwa na fedha za kuajiri wataalamu wapya wengi. Kazi ilibidi ifanywe na watu waliokuwapo. Chama kiliacha kutegemea mikopo ya nyumba ya muda mrefu, kikageukia akiba ndogo ndogo na mikopo midogo kwa wakulima, wachuuzi na wafanyakazi wa kipato cha chini. Wafanyakazi walifundishwa upya namna ya kumhudumia mteja, na wao pamoja na wateja wakahimizwa kuwa wenye hisa. Mwaka 2000 kumbukumbu ziliingizwa katika kompyuta, na foleni zikapungua. Kisha wateja waliulizwa kinachowaudhi, na utaratibu wa ada ambao wengi hawakuuelewa ukarahisishwa.

Desemba 2004 chama kikawa benki kamili. Agosti 2006 hisa zake ziliingia katika Soko la Hisa la Nairobi. Mwaka 2007 mfuko wa Helios ulilipa takriban shilingi bilioni 11 za Kenya kwa karibu robo ya hisa. Mwaka 2012 benki hiyo ilifungua milango Tanzania.

Si haki kusema kwamba timu peke yake ndiyo iliyofanya yote hayo. Kulikuwa na mabadiliko ya bidhaa, misaada ya kitaalamu ya wafadhili, na soko kubwa la watu ambao benki kubwa hazikuwataka. Hata hivyo soko hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Equity ililipata kwa sababu keshia na ofisa mikopo walijua wanachotakiwa kufanya, na walikuwa na sababu ya kukifanya.

Uchumi: rafu tupu

Mfano wa pili ni Uchumi, kampuni ya Kenya ya maduka makubwa ya kujihudumia. Juni 2006 ilifunga milango na biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Ilifufuliwa kwa msaada wa serikali na wadai, na mwaka 2011 hisa zikarudi sokoni. Mwaka 2014 iliorodheshwa pia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na mwishoni mwa mwaka huo ikakusanya karibu shilingi milioni 900 za Kenya kutoka kwa wenye hisa kwa kuwauzia hisa za nyongeza.

Miezi michache baadaye, Juni 2015, bodi ilimwondoa mkurugenzi mkuu pamoja na ofisa mkuu wa fedha. Oktoba mwaka huo maduka ya Tanzania na Uganda yalifungwa. Hasara ya mwaka wa fedha ulioishia Juni 2015 ilizidi shilingi bilioni 3 za Kenya.

Walioumia ni wenye hisa walioongeza fedha zao, wafanyakazi, na wafanyabiashara waliopeleka unga, mboga na sabuni wakabaki na ankara mkononi. Wengi miongoni mwao ni watu wa kiwango cha wasomaji wa ukurasa huu. Rafu zilikuwa zimeanza kuwa tupu kabla ya hesabu kutangazwa. Mpanga bidhaa aliziona, keshia aliziona, na dereva wa mwenye kuleta maziwa aliziona. Mwenye hisa aliyeketi nyumbani akisubiri taarifa ya mwaka ndiye aliyejua mwisho.

Yafuatayo ni mambo ambayo meneja wa biashara ndogo au ya kati anaweza kuyaanza juma lijalo bila kukopa senti.

1. Gawa kazi, tenganisha mikono

Kila mtu awe na kazi yake iliyoandikwa, hata kama ni mistari mitano. Anayeagiza mali asiwe ndiye anayeipokea, na anayeipokea asiwe ndiye anayelipa. Duka lenye watu watatu linaweza kufanya hivyo: msimamizi anaagiza, mtunza stoo anahesabu na kusaini, mwenye mali analipa baada ya kulinganisha karatasi mbili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari linaloandikwa na mtu mmoja na kukaguliwa na huyo huyo halina tofauti kubwa na kukosa daftari.

Utaratibu huu humlinda pia mfanyakazi mwaminifu. Mali inapopungua mahali ambapo kila mtu anashika kila kitu, wote huwa watuhumiwa.

2. Kabidhi madaraka yenye mipaka

Matajiri wengi wa maduka ya jumla hawawezi kusafiri siku mbili bila simu kulia kila dakika tano. Msimamizi anauliza apunguze bei au asipunguze, ampe mteja mali kauli au asimpe. Huyo hajakabidhiwa madaraka, amepewa ufunguo tu.

Weka mipaka kwa tarakimu. Kwa mfano, msimamizi anaweza kupunguza bei hadi asilimia 3 bila kuuliza. Anaweza kutoa mali kauli ya hadi shilingi 500,000 kwa mteja aliyemo katika orodha iliyokubaliwa, na kwa sharti kwamba deni la zamani limelipwa. Zaidi ya hapo apige simu. Akifanya uamuzi ndani ya mipaka hiyo na mambo yakaenda kombo, asigombezwe mbele ya wateja. Kaeni chini mjadili kama mipaka ibadilishwe.

3. Kikao kifupi, tarakimu nne

Kikao cha saa tatu kinachoishia kwenye soda na lawama hakijengi timu. Kila Jumatatu kabla ya kufungua, watu wasimame dakika 15 na kusoma tarakimu nne: mauzo ya juma, fedha taslimu zilizopo, madeni ya wateja, na mali iliyokwisha au iliyolala stoo. Kila tarakimu isomwe na mhusika wake. Mwisho wa kikao yaandikwe mambo matatu ya kufanya, jina la mtendaji na siku ya kumaliza. Jumatatu inayofuata waanze na karatasi hiyo.

Wapo matajiri wanaoogopa wafanyakazi wakijua mauzo wataomba nyongeza. Ukweli ni kwamba anayekaa kaunta hujua mauzo tangu zamani. Asichokijua ni kodi ya pango, ushuru, umeme na riba ya benki. Akiviona hivyo pia, madai yake huwa ya kiasi.

4. Habari mbaya zifike mapema

Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Meneja akimkemea kila anayeleta habari mbaya, baada ya mwezi mmoja ataletewa nzuri tupu. Mali iliyoharibika itafichwa nyuma ya mzuri, na mteja aliyetoroka na deni ataendelea kuandikwa kwamba "atalipa Ijumaa".

Meneja atenganishe kosa lililoripotiwa na kosa lililofichwa. La kwanza litafutiwe dawa, la pili lichukuliwe hatua. Watu wakiona tofauti hiyo mara mbili au tatu, watasema wenyewe. Vilevile meneja apite stoo na kaunta mara kwa mara, aulize na kusikiliza, kwani mtunza stoo hawezi kupanda ofisini kueleza rafu tupu kama hajawahi kuulizwa.

5. Lipa kwa siku yake, zawadia kilicho sahihi

Mshahara unaochelewa huvunja timu kuliko mshahara mdogo. Ukishalipa kwa siku yake, angalia bakshishi unayotoa inatolewa kwa jambo gani.

Tuchukue mfano. Juma ameuza mali ya shilingi 10,000,000 kwa mali kauli. Asha ameuza ya shilingi 6,000,000 kwa fedha taslimu. Faida ya duka ni asilimia 10 ya mauzo na kila muuzaji hupewa asilimia 2. Juma atapata 200,000 na Asha 120,000. Lakini wateja wa Juma wakishindwa kulipa 3,000,000, duka litakuwa limekusanya 7,000,000 kwa mali iliyoligharimu 9,000,000. Ukijumlisha malipo ya Juma, hasara ni 2,200,000. Asha ameliachia duka 480,000. Anayeshangiliwa ndiye aliyetoboa mtumbwi, na wengine watamwiga. Dawa yake ni kulipa asilimia hiyo juu ya fedha zilizokusanywa, si juu ya mauzo yaliyoandikwa.

6. Likizo na mrithi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Wapo mameneja wanaoona likizo ni hasara, na wapo makeshia wasiotaka kwenda likizo hata wakibembelezwa. Wote waangaliwe. Mtu anapoondoka mwezi mzima na mwingine akashika daftari lake, mambo mawili huonekana: kama kuna lililofichwa, na kama kuna aliyejifunza kazi ile.

Hali ni hiyo hiyo kwa wakubwa. Benki ya CRDB, iliyoorodheshwa Dar es Salaam mwaka 2009, iliongozwa na Dkt. Charles Kimei tangu 1998. Mwaka 2018 usukani ulichukuliwa na Abdulmajid Nsekela, na benki iliendelea na kazi. Kiongozi akikaa miaka 20, swali la nani anafuata ni swali la fedha za wenye hisa, na wanayo haki ya kuliuliza kabla ya siku yenyewe.

Mwekezaji aangalie nini?

Mwenye hisa 500 hawezi kuingia katika kikao cha Jumatatu cha kampuni. Anaweza, hata hivyo, kuzisoma dalili.

Kwanza, je, hesabu hutoka kwa wakati? Kampuni inayochelewa mara kwa mara ama haijui hali yake ama haipendi ijulikane. Pili, wakuu wa fedha wanadumu? Wakibadilika wawili ndani ya muda mfupi bila maelezo, ulizeni katika mkutano mkuu. Tatu, wadaiwa wanakua kuliko mauzo? Tuseme mauzo yamepanda kutoka bilioni 10 hadi 12, na wadaiwa kutoka bilioni 2 hadi 4. Wateja waliokuwa wakilipa kwa wastani wa siku 73 sasa wanachukua siku 122. Wauzaji wanasifiwa kwa mauzo ambayo fedha zake hazijaingia. Nne, wauza bidhaa kwa kampuni hiyo wanalipwa? Hili halihitaji mhasibu, muulizeni anayepeleka mali. Tano, wafanyakazi wenyewe wana hisa? Si kinga ya kila baya, lakini ni vizuri wanaoona stoo wawe na kitu cha kupoteza.

Dalili moja peke yake haitoshi kukufanya uuze. Zikifuatana tatu, usiongeze fedha mpaka upate majibu. Ankara ya gawio huja mara moja au mbili kwa mwaka, lakini rafu za duka huonekana kila siku, na mwenye hisa akipita dukani kununua sukari hakatazwi kuziangalia.