Jiko la Gesi la Kupikia Pombe ya Mtama

Mtwara imekalia gesi. Iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na tangu 2015 bomba linaisafirisha kutoka Madimba hadi Dar es Salaam. Lakini mpika pombe wa Msimbati au Nanguruwe anayetaka kuachana na kuni atanunua gesi nyingine kabisa, ile ya mtungi, ambayo huingia nchini kwa meli. Na kuni zenyewe zinazidi kuwa shida: mikoko ya maingilio ya Ruvuma imo ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, na kuikata bila kibali ni kosa.

Wengi huanza na kile walicho nacho nyumbani, yaani mtungi wa kilo 6 wenye jiko lililofungwa juu yake. Kwa maharage ya familia, sawa. Kwa pombe, hapana. Ndoo mbili za maji ni lita 40, ukiongeza unga na sufuria unakaribia kilo 50, na uzito huo wote umesimama juu ya kichwa cha mtungi huku joto la sufuria pana likirudi chini kwenye chuma chenye gesi ndani yake. Jiko la pombe hukaa chini kwa miguu yake, na mtungi hukaa mbali kadiri mpira wa gesi unavyoruhusu, upande unakotoka upepo.

Tuje kwenye nguvu ya moto. Kuzitoa lita 40 kutoka nyuzi 28 hadi kuchemka kunahitaji takriban megajuli 12 ziingie majini. Kwenye jiko la wazi karibu nusu ya joto hupotelea hewani, kwa hiyo utachoma zaidi ya nusu kilo ya gesi kabla sufuria haijatokota. Jiko la kawaida la mezani, lenye kilowati 3 hivi, litakuchukua zaidi ya saa mbili, na upepo ukivuma huenda lisifike kabisa. Jiko la kilowati 10 litafika kwa dakika 40 au zaidi kidogo. Muuzaji atakuonyesha pia majiko ya shinikizo kubwa yanayonguruma kama injini ya boti, yenye nguvu mara mbili au tatu ya hiyo, na atayasifu sana. Hapo ndipo ninapotofautiana naye.

Wanaopika bia ya shayiri hufurahia jiko la namna hiyo kwa sababu wao huchemsha maji matupu, na baadaye maji matamu yaliyokwisha kuchujwa. Wanga wa shayiri hulegea kabla vimeng'enya vya kimea havijafa, kwa hiyo nafaka yao haihitaji kupikwa motoni. Mtama wetu ni mkaidi. Wanga wake hulegea vizuri kwenye nyuzi 70 na zaidi, joto ambalo tayari linaanza kuua vimeng'enya. Ndiyo maana mama zetu hupika uji kwanza, huuacha upoe, kisha ndipo hutia kimea. Anayepika togwa hufuata njia hiyohiyo. Tofauti yake na pombe huja baadaye, kwenye kuchacha.

Sasa, uji mzito hauzunguki wenyewe kama maji. Moto mkali uliokusanyika katikati huunguza tabaka la chini wakati la juu bado vuguvugu, na harufu ya uji ulioshika chini haitoki tena hata uchachushe wiki nzima. Kwa hiyo sifa ya kwanza ninayoitafuta dukani ni upana: pete mbili au tatu za moto, kila moja na koki yake, zinazoenea chini ya sehemu kubwa ya sufuria. Ya pili ni uwezo wa kushuka. Mwambie muuzaji awashe, kisha apunguze hadi moto uwe mdogo kabisa. Ukizimika, au ukirudi ndani ya bomba kwa mlio, rudisha jiko hilo rafuni hata kama bei inashawishi.

Moto uwe wa buluu. Ukiwa wa njano na sufuria ikapata masizi, hewa haitoshi: fungua kidogo tundu la hewa nyuma ya jiko. Na kabla ya kulaumu jiko, chungulia ndani ya bomba lake, maana nyigu hupenda kujenga humo kama limekaa stoo bila kutumika.

Pwani ina adui wengine wawili. Upepo wa kusi hupeperusha moto pembeni, hivyo zungushia jiko kinga ya bati pande tatu, ila usiuweke mtungi ndani ya kinga hiyo. Chumvi nayo hula miguu ya bati jembamba upesi sana; chuma kizito cha kusubu kitapata kutu pia, lakini kitaishi.

Kuhusu mtungi, ule wa kilo 6 hautoshi kwa jiko la kilowati 10. Jiko hilo hunywa karibu robo tatu ya kilo kwa saa, na gesi inapogeuka kutoka kimiminika kuwa hewa hufyonza joto la mtungi wenyewe. Utauona ukitoka jasho la baridi, kisha moto unanyong'onyea ingawa gesi bado imo. Wa kilo 15 una mwili mkubwa zaidi wa kupokea joto, nao huhimili.

Regulata ilingane na jiko: jiko la shinikizo dogo halifai kufungwa regulata ya shinikizo kubwa. Viungo vyote vipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni na kutulia mashimoni, kwa hiyo pikia uwanjani.

Baadhi ya nyumba za Mtwara mjini zimeunganishwa na gesi ya bomba ya Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC). Hiyo ni methani, nyepesi kuliko hewa, na kwa ujazo uleule ina chini ya nusu ya joto la gesi ya mtungi. Jiko la mtungi likifungwa humo litatoa moto dhaifu. La bomba likifungwa kwenye mtungi litatoa moto mrefu wa njano wenye masizi. Nozeli hubadilishwa, na kazi hiyo mwachie fundi.