Magunia 80 nyuma ya kufuli: kampuni ikianguka, nani analipwa wa kwanza?

Wandugu wamemba wa kooperative, mara hii hatutazungumza juu ya antestia wala juu ya kukata miti ya kahawa iliyozeeka. Tutazungumza juu ya kufuli.

Msimu uliopita, prezida wa kooperative moja ninayoifuata kule Kivu ya Kusini alinipigia simu kabla jua halijatoka. Zamu wa depo ya kampuni iliyokuwa ikinunua kahawa yao alimwambia sokoni kwamba wisie wa tribunali alifika, akaandika kila kitu, akafunga mlango na kubandika karatasi. Banki ndiyo ilimtuma. Mwenye kampuni haonekani. Ndani ya depo kuna kahawa ya parche ya wakulima karibu mia mbili, na wengi wao hawajapata franga hata moja ya mavuno ya mwisho.

Tulipofika pale, hatukuwa peke yetu. Wafanyakazi wa kampuni walikaa kwenye ukuta, wana miezi mine bila mshahara. Mwenye nyumba alikuja kudai kodi ya depo. Kijana mmoja aliyeuzisha magunia na kamba alikuwa na fakture yake mkononi. Mwenye kamioni hakufika, lakini wote walijua kwamba alibaki na mzigo wa kampuni kwake na anasema hautoki mpaka alipwe. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na kila mmoja alidhani haki yake ndiyo kubwa. Mama mmoja wa kooperative alimwambia wisie: "Ile kahawa ni ya shiye! Njo shiye tulilima, hatuyalipwa bado. Namna gani banki itakamata kitu yetu?"

Swali la yule mama ndilo swali lote. Mimi ni agronome, si avoka, na nilidhani kama yeye: kahawa ambayo haijalipwa ni ya mkulima. Sivyo. Avoka alitufungulia macho, na ninataka mjue kile alichotueleza, maana kilimo kizuri hakiwezi kukomboa gunia lililopotea kwa karatasi mbaya.

Sheria yetu ya mikataba ni ya zamani sana, ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, na bado inatumika. Inasema kwamba kama muuzaji na mnunuzi wamepatana juu ya kitu na juu ya bei, uuzaji umekwisha. Kitu kimekuwa cha mnunuzi, hata kama hajalipa, hata kama hajakibeba. Wewe unabaki na deni la kudai tu. Na mtu mwenye deni la kudai anasimama mustari pamoja na wadai wengine.

Basi tukafungua kaye la sekretere. Kooperative ilipeleka parche mara tatu. Mara ya kwanza tani 6, mara ya pili tani 5. Kwa zote mbili kulikuwa kontra, bei kwa kilo imeandikwa, na avansi ililipwa. Hizo tani 11 zilishakuwa za kampuni, twende tusiende. Mara ya tatu, tani 4, yaani magunia 80 ya kilo 50. Hapo hapakuwa kontra. Bei ilikuwa inapanda, prezida alikataa kukata bei siku ile, na jerante wa depo aliandika kwenye karatasi ya kupokea mzigo: imewekwa depo, bei tutapatana nyuma. Wamemba wengine walimkasirikia prezida siku ile, wakisema anachelewesha makuta yao. Lakini yale maneno machache ndiyo yaliokoa mzigo. Hakuna bei, hakuna kuuza. Magunia 80 yalikuwa ya kooperative bado, yalikuwa yamelala tu kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Mali ya mtu mwingine haiwezi kulipa deni la kampuni. Lakini wisie hawezi kujua hayo akiingia. Anakamata anachokikuta kwa mwenye deni. Ni wewe mwenye mali unapaswa kwenda kwa tribunali na kuomba mali yako itolewe ndani ya ile iliyokamatwa. Kwa Kifaransa inaitwa "demande en distraction", shikeni neno hilo maana ndilo litakuwa juu ya karatasi. Ni lazima kuonyesha kwa nini unasema ni yako, na kuijulisha kwa yule aliyekamatisha, kwa mwenye deni, na kwa anayelinda mali. Na ifanyike kabla ya kuuzisha. Mnada ukishapita, huwezi tena kuomba kahawa kwa njia hii. Kama makuta hayajagawanywa unaweza kufuata yale makuta, lakini kazi inakuwa ngumu zaidi.

Hapo tuligonga jiwe ambalo hatukulitazamia. Tribunali iliuliza: nyinyi ni nani? Wakulima mia mbili si mtu mbele ya sheria. Inchi yetu iko ndani ya OHADA tangu mwaka 2012, na sheria ya OHADA ya kooperative, ile iliyopitishwa Lomé mwezi wa kumi na mbili 2010, inataka kooperative iandikwe kwenye rejista ya kooperative ndipo iweze kudai kwa jina lake. Kwa bahati yao walikuwa wameandikwa. Karatasi yenyewe ilipatikana kwa mke wa prezida wa zamani, ndani ya sanduku la nguo. Nimejua kooperative zingine tatu zinazofanya kazi vizuri, zinaosha kahawa safi, na hazina hiyo karatasi. Wangefika pale, wangeingia kwa jina la nani?

Kisha shida ya pili, na hii ni ya kwetu sisi watu wa kahawa. Unawezaje kuonyesha gunia lako katikati ya magunia ya wengine? Kahawa ya parche ya Kalehe na ile ya Kabare, ukiziweka pamoja, hata mimi siwezi kuzitenganisha kwa macho. Kooperative hii ilikuwa na desturi ya kuandika namba ya loti kwa rangi kwenye gunia, pamoja na jina la stasio ya kuosha. Wisie alipohesabu tena mbele yetu, magunia 61 yalikutwa na rangi yao, yamefungwa kama yalivyotoka kijijini. Mengine 19 yalikuwa yameshapita kwenye mashine ya kutoa ganda na kuchanganywa na kahawa ya watu wengine. Tribunali ilitoa 61. Kwa yale 19 jina halikuwepo tena, yalibaki deni kama zile tani 11.

Kilo 3.050 zilirudi, basi. Nilipopima unyevu, niliumia. Tulikuwa tumeipeleka kahawa kwenye asilimia 12, na ilitoka juu ya hapo, maana paa la depo lilivuja na hakuna aliyegeuza magunia wakati wa mvua. Harufu ya ukungu ilishaanza katika magunia machache ya chini. Watu wa sheria wanahesabu siku zao, kahawa nayo inahesabu zake. Tuliianika tena siku mbili juu ya meza. Mwenye kukamatiwa mzigo aombe mapema kwa tribunali ruhusa ya kuukagua, na kama inawezekana kuuinua juu ya mbao. Gharama ya kuhifadhi mali iliyokamatwa inajulikana na sheria, na iko mbele sana kwenye mustari wa kulipwa.

Huo mustari, sasa. Kwa tani 11 na yale magunia 19, kooperative ilirudi kuwa mdai kati ya wadai. Si wa kwanza kufika ndiye anakula wa kwanza, na si mwenye kulia sana. Kwa vitu vinavyoweza kuhamishwa, kama kahawa, mashine na kamioni, sheria ya OHADA ya dhamana inapanga hivi: kwanza gharama za tribunali na za mnada. Pili, waliotumia makuta kuhifadhi mali. Tatu, sehemu ya mishahara ya wafanyakazi ambayo sheria inaikinga kupita zingine. Nne, wale wenye rehani iliyoandikwa, kila mmoja kwa tarehe yake, na hapo ndipo banki inakaa. Serikali pia inaweza kukaa hapo kwa kodi zake ikiwa imeziandikisha. Tano, wenye haki ya pekee juu ya kitu fulani. Muuzaji ambaye hajalipwa yuko hapa, kama kitu alichouzisha kiko bado mikononi mwa mwenye deni. Mwenye nyumba naye yuko hapa. Nyuma kabisa, wale wenye fakture tu, kama kijana wa magunia.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme vitu vyote vimeuzishwa dola 48.000. Tribunali na ulinzi wanachukua 3.000, inabaki 45.000. Wafanyakazi 7.000, inabaki 38.000. Banki inadai 40.000 na rehani yake imeandikwa. Inachukua zote 38.000, na bado inadai 2.000. Mkulima, mwenye nyumba na kijana wa magunia wanarudi nyumbani na mikono mitupu. Hakuna aliyeiba. Ndivyo mustari ulivyo. Yule mama, nilipomuonyesha hesabu hii kwenye ubao, alinyamaza, kisha akauliza: "Agronome, na ile banki ilijua kwamba kahawa haiyalipwa?" Sikuwa na jibu. Sheria haiiulizi banki hilo swali. Inauliza tu kama rehani iliandikwa na tarehe gani.

Nadhani sheria ni kali hapa kwa mtu ambaye mavuno yake ndiyo mshahara wake wa mwaka mzima. Lakini ndani yake mna mlango, na karibu hakuna kooperative inayoupita. Hata ukikata bei, unaweza kuandika kwenye kontra kwamba mali inabaki ya muuzaji mpaka bei yote ilipwe. Kifaransa chake ni "clause de réserve de propriété". Iandikwe, kwa kuchelewa kabisa, siku ya kupeleka mzigo, siyo kesho yake. Kisha iandikishwe kwenye RCCM, ile rejista ya biashara na ya dhamana iliyoko grefe, bila hivyo haiwezi kusimama mbele ya banki. Na kwa kahawa iko na faida moja zaidi: sheria inakubali kwamba kama mzigo wako umechanganyika, haki yako inaweza kwenda juu ya mzigo mwingine wa aina ile ile na ubora ule ule ulio kwa mwenye deni. Yale magunia 19 yangeweza kurudi kwa njia hiyo.

Rejista hiyo inasomwa pia kwa upande wa pili. Mtu yeyote anaweza kwenda grefe kuomba kujua kama kampuni fulani imeshatoa stoki yake kuwa rehani. Kabla ya kupeleka tani 15 kwa mtu, safari moja ya mjini haipotezi kitu. Mnunuzi mwema hatakasirika ukiangalia.

Mambo hayakuishia kwa mnada. Kabla vitu havijauzishwa, kampuni yenyewe ilikwenda tribunali kusema haiwezi tena kulipa mtu. Tribunali ikifungua njia hiyo, mashtaka ya mmoja mmoja yanasimama, hata yale ya banki, na mtu mmoja, sendiki, anachukua kazi ya kukusanya mali na madeni yote. Sendiki anaweza pia kutazama nyuma: ikiwa kampuni ilitoa rehani kwa deni la zamani wakati ilikuwa imeshashindwa kulipa, rehani hiyo inaweza kuanguka. Kipindi hicho kinaweza kurudi mpaka miezi 18. Avoka wetu ameiomba tarehe ya rehani ya banki kwa sababu hiyo.

Kila mdai anapaswa kupeleka deni lake kwa sendiki kwa maandishi, pamoja na vitu vya kushuhudia. Muda ni siku 60 kuanzia tangazo, na tangazo linapita kwenye gazeti. Ni nani anasoma gazeti hilo kule mlimani? Tulilijua kupitia zamu yule yule. Anadai mshahara wa miezi mine na anafuata kila habari. Sekretere alikaa na mimi siku mbili: kontra mbili, karatasi za kupokea mzigo, kaye la kilo, hesabu ya avansi iliyolipwa ili tusidai mara mbili. Fotokopi zikabaki kijijini, na sendiki akatia sahihi kwamba amepokea.

Magunia 61 yaliuzishwa kwa mnunuzi mwingine, kwa bei ya chini kidogo kwa sababu ya unyevu, na makuta yaligawanywa kwa kilo za kila mmoja. Kwa tani 11 na ile ya magunia 19 wanangoja mkutano wa wadai. Wakati huu tunatayarisha meza za kukaushia, maana miti imepata maua mazuri, na kontra mpya iko kwa avoka inasomwa.