Jenga kizuizi kabla mtu hajaanguka



Machi 10, 2019 ilikuwa Dominika ya kwanza ya Kwaresima. Asubuhi hiyo, waamini wakielekea kanisani, ndege ya Ethiopian Airlines iliruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Baada ya dakika sita ilianguka karibu na Bishoftu. Watu wote 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya. Oktoba 29, 2018, ndege ya aina hiyohiyo, Boeing 737 MAX, ilikuwa imeanguka baharini Indonesia na kuua watu 189.

Ndege hizo zilikuwa na programu iitwayo MCAS, iliyoweza kuinamisha pua ya ndege bila kuamriwa na rubani. Ilitegemea kihisi kimoja tu cha kupima mwinuko wa ndege dhidi ya upepo, ingawa ndege ilikuwa navyo viwili. Kihisi kilipotoa taarifa ya uongo, programu iliamini, ikasukuma pua chini tena na tena huku marubani wakishindana nayo. Kabla ya ajali ya kwanza, marubani hawakuwa hata wameelezwa kwamba programu hiyo ipo.

Wapo waliowalaumu marubani. Lakini tusome Kumbukumbu la Torati 22:8. Zamani hizo watu walikaa juu ya paa la nyumba, na Mungu anamwagiza mjenzi aweke kizuizi pembeni, asije akawa na hatia ya damu mtu akianguka. Haulizi kama aliyeanguka alikuwa mzembe. Kizuizi huwekwa kwa ajili ya mtu atakayeteleza, na kila mjenzi anajua kuwa watu huteleza.

Uchunguzi wa Bunge la Marekani ulionyesha kwamba mwaka 2015 mhandisi mmoja wa Boeing aliuliza kwa barua pepe kama programu hiyo haikuwa hatarini kihisi kimoja kikiharibika. Swali hilo ndilo lililokuwa mwanzo wa kizuizi. Hata hivyo ndege zikaruka zikitegemea kihisi kimoja.

Ni mtu mmoja tu, rubani wa kiufundi wa Boeing, aliyeshtakiwa kwa jinai, na mwaka 2022 mahakama ilimwona hana hatia. Kazi ile ilipita mikononi mwa wengi: aliyechora, aliyepiga hesabu, aliyekagua, aliyetia sahihi. Wajibu ukigawanywa kwa watu mia, kila mmoja hudhani fungu lake si kitu. Mbele ya Mungu haugawanyiki hivyo. Ndiyo maana mwanzoni mwa Misa kila mmoja hujipiga kifua chake mwenyewe, si cha jirani, akikiri hata wajibu ambao hakuutimiza.

Kijana mhandisi, ukiona paa halina kizuizi, uliza. Usipojibiwa, uliza tena, na usitie sahihi. Nawe mkubwa wa kazi, usimwaibishe anayeuliza, maana anakukinga na damu ya watu.

Tuwaombee marehemu wale 346, na tuiombee mikono yote inayojenga. Dominika njema.