Fleti ya Kimandolu haikopesheki bila jengo lake

Mwalimu anayestaafu akiwa na miaka 60, pensheni ndogo na fleti ya vyumba vitatu Kimandolu, Arusha, ana mali kubwa asiyoweza kuigusa. Akienda benki kuomba mkopo wa nyumba, swali la kwanza ni mshahara, la pili ni umri, na mazungumzo huishia hapo. Ndiyo maana wastaafu, hasa wenye watoto ughaibuni, huuliza kama nasi tunaweza kuwa na ule mkopo wa wazee wa Marekani, rehani ya kinyume.

Mkopo wenyewe uko hivi. Mwenye nyumba aliyefikisha miaka 62 anakopa kwa dhamana ya nyumba anayoishi. Halipi rejesho la kila mwezi. Deni linaongezeka kwa riba mpaka atakapofariki, kuuza au kuhama. Sheria ya mpango huo ilipitishwa na bunge la huko mwaka 1987, na serikali kuu inaukatia bima: deni likizidi bei ya nyumba, mzee na warithi wake hawadaiwi pengo. Kwetu hii si bidhaa ya kawaida ya benki, na kwa mwenye fleti vikwazo huanza mapema zaidi.

Hata Marekani, fleti ndiyo inayosumbua. Mwenye nyumba inayojitegemea hukaguliwa nyumba yake; mwenye fleti hukaguliwa jengo zima. Kwa kawaida angalau nusu ya fleti zinatakiwa zikaliwe na wenyewe, na fleti zenye malimbikizo ya ada ya jengo ya zaidi ya siku 60 zisizidi asilimia 15. Kwa miaka kadhaa kabla ya Oktoba 2019, jengo lisiloidhinishwa lilimfungia mlango kila mkazi wake. Sababu inaeleweka. Lifti ikifa, tangi likavuja na nusu ya wakazi wakagoma kuchangia, fleti iliyotunzwa vizuri inashuka bei pamoja na iliyotelekezwa.

Sasa tuje Kimandolu. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, Namba 16 ya mwaka 2008, inaruhusu kila fleti kuwa na hati yake, na wamiliki kuwa na chama cha kusimamia ngazi, paa na ua. Lakini mtu akijenga ghorofa kwenye kiwanja cha familia, akauza fleti moja moja kwa mkataba wa wakili bila kusajili ramani ya sehemu za jengo, wanunuzi wanabaki na karatasi ya mauziano tu. Benki ikifanya upekuzi kwa Msajili wa Hati itakuta jina moja, la mwenye kiwanja. Hakuna cha kuweka rehani hapo, hata kama umeishi ndani miaka ishirini.

Mwenye hati ya sehemu naye aangalie ukomo, kwa sababu hati hiyo haiwezi kuishi muda mrefu kuliko hati ya kiwanja. Kiwanja kilichopewa miaka 33 mwaka 2003 kinafika mwisho 2036. Mkopo unaosubiri kifo cha mkopaji unaweza kuizidi umri dhamana yake.

Kikwazo ninachokiona kizito kuliko vyote ni riba. Chukua mkopo wa shilingi milioni 50 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, bila rejesho lolote. Baada ya miaka mitano deni limepita milioni 100. Baada ya kumi limepita 200. Mzee aliyekopa akiwa na miaka 65 akijaliwa kufika 75, warithi wanaweza kukuta fleti imeliwa yote. Benki nayo inajua hesabu hiyo, kwa hiyo isipopata wa kubeba hasara itatoa kiasi kidogo mno. Kampuni ya TMRC, iliyoanzishwa mwaka 2010, huzipatia benki fedha za muda mrefu za mikopo ya nyumba, lakini bima ya namna ya Marekani ni jambo jingine. Kwa riba za namna hiyo, bila bima, sitaki kuona bidhaa hii ikinadiwa kwa wastaafu wetu.

Kuna pia ridhaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia kuweka rehani nyumba ya ndoa bila mwenza kukubali. Na mkopaji akifariki, mirathi lazima ifunguliwe, msimamizi ateuliwe na mahakama, na benki isubiri huku riba ikipanda.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wenye fleti Kimandolu ni kuanza na hati, hata kama hamfikirii kukopa, maana bila hiyo hata kuuza kwa bei ya haki ni shida. Kaeni pamoja, mchange gharama za mpima, mumwombe mwenye kiwanja asaini maombi ya kusajili sehemu za jengo. Fanyeni hivyo angali hai na ana nguvu: akitangulia, mtakuwa mnaomba saini za warithi ambao hawakupokea hata shilingi ya fedha mlizolipa.