Mrama, Mtetemo na Mshtuko: Kuhifadhi Kompyuta Katika Vyombo Vidogo

Maneno haya matatu mara nyingi hutumiwa kana kwamba yana maana moja, na baadhi ya wafasiri huyakusanya yote katika neno "mtikisiko". Katika mazungumzo ya kawaida hapana dhara. Lakini kwa fundi anayefunga kompyuta ya kuongozea safari katika mashua yenye injini, dawa ya kimoja yaweza kuwa sumu ya kingine.

Mrama ni neno la mabaharia: ni kule kuyumba kwa chombo upande huu na huu kwa sababu ya mawimbi. Mwendo wake ni wa polepole. Kompyuta iliyofungwa vyema haisumbuliwi nao sana, isiyofungwa huanguka.

Mtetemo ni mwendo mdogo wa kwenda na kurudi, unaojirudia upesi bila kukoma. Asili yake kubwa ni injini. Injini izungukayo mara 1,500 kwa dakika huzunguka mara 25 kwa sekunde, na mtetemo wake husafiri katika taruma na mbao hadi kwenye kompyuta. Hauvunji kwa siku moja. Hulegeza parafujo, husugua waya, na huichosha metali hata ikakatika.

Mshtuko ni pigo moja la ghafla, kama pale omo inapoinuliwa na wimbi kisha ikaangukia maji. Diski ya kuzunguka yaweza kuharibiwa na pigo hilo, kwa kuwa kichwa chake cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Hifadhi isiyo na sehemu zinazozunguka huepuka hatari hiyo, ingawa viungo vya waya bado vyaweza kuachana.

Sasa, fundi akiambiwa tu "zuia mtikisiko", ataiweka kompyuta juu ya mipira. Lakini kila mzigo uliokaa juu ya mpira una kasi yake ya asili ya kucheza. Ikiwa kasi hiyo ni mara 25 kwa sekunde, sawa na mzunguko wa injini yetu, mpira hautapunguza mtetemo bali utauzidisha. Mpira huanza kukinga pale tu mtetemo unapoizidi kasi ya asili kwa takriban mara 1.4. Kwa hiyo hapa kasi ya asili haina budi kuwa chini ya mara 18 kwa sekunde, na ikipungua zaidi ni bora. Hata hivyo, mpira laini kiasi hicho hubonyea sana wakati wa mshtuko. Pasipo nafasi, kompyuta itagonga ubao kwa nguvu.

Basi maelekezo yaandikwe hivi: kwa mrama, funga, kwa mtetemo, chagua mpira kwa kufuata uzito wa kompyuta na mwendo wa injini, kwa mshtuko, acha nafasi pande zote, na uiweke kompyuta karibu na katikati ya chombo, mbali na omo.

Lugha yetu inayo maneno yote matatu. Mfasiri anayeandika moja mahali pa yote humwachia fundi kubahatisha, na nahodha ndiye atakayejua kosa hilo, usiku, karibu na miamba.