Sura ya 4: Mwano Ukipigwa

Mwizi wa ng'ombe ana shida ambayo mwizi wa fedha hana: alichoiba kina kwato. Kundi la ng'ombe likiswagwa usiku linaacha nyayo, linaacha mavi, linavunja mabua ya mtama shambani kwa watu. Kukipambazuka, mzee anayeijua mifugo yake anaweza kusoma njia nzima waliyopita. Ulinzi wa vijiji vya Usukuma, unaojulikana nchi nzima kwa jina la sungusungu, ulijengwa juu ya jambo hilo dogo. Nyayo zipo, swali ni nani atatoka kuzifuata.

Zizi likivunjwa, mwenye mali anapiga mwano, yaani yowe la hatari. Anayelisikia hana hiari. Anachukua upinde, mishale na rungu, anatoka. Filimbi zinapokezana kutoka kitongoji kimoja hadi kingine. Kundi moja linashika nyayo na jingine linatangulia kuziba vivuko na njia za kutorokea. Aliyebaki kitandani bila sababu, kesho ataulizwa, na faini yake ataitoa. Watu wengi hudhani nguvu ya sungusungu ni silaha. Mimi nasema ni ile faini ya aliyelala. Mishale ilikuwapo Usukuma miaka mingi na wizi ukaendelea. Kilichokuja baadaye ni wajibu wenye adhabu.

Mtindo huu ulianza upande wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na katika muda mfupi ukawa umeenea Shinyanga, Mwanza na Tabora. Majira yenyewe yanajieleza. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeacha bunduki mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo. Uchumi ulikuwa umeanguka, bidhaa hazipatikani, na ujambazi wa kuvamia kaya ukazidi. Imani kwa polisi nayo ilikuwa imepungua. Katikati ya miaka ya 1970 msako wa wauaji wa watu waliodhaniwa wachawi, huko huko Mwanza na Shinyanga, uliishia kwa mahabusu kuteswa na wengine kufa mikononi mwa vyombo vya dola. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977 kwa ajili hiyo.

Wanakijiji basi wakajipanga wenyewe, na mpangilio wao unachekesha kidogo ukiutazama kwa makini. Serikali ilikuwa imefuta utemi, yaani utawala wa machifu wa jadi, mwaka 1963. Miaka ishirini baadaye jina la mtemi likarudi, safari hii likiwa cheo cha mkuu wa sungusungu, na pembeni yake kakaa katibu mwenye daftari na kalamu kama ofisi yoyote ya chama. Kuna kamanda wa vijana, kuna baraza, na dawa za mganga hazikukosekana. Mila na urasimu vililala kitanda kimoja.

Adhabu iliyoogopwa kuliko zote haikuwa kiboko. Ilikuwa kutengwa. Kaya iliyotengwa haisalimiwi, haiombwi wala haipewi moto, hailimiwi shamba, na ikifiwa inaweza kuchimba kaburi peke yake. Kwa Msukuma, ambaye salamu kwake ni shughuli kamili, kupitwa njiani kimya kimya na jirani ni hukumu nzito. Wengi waliotengwa walilipa faini haraka ili warudishwe kwa watu.

Hapo hapo ndipo hatari ilipo. Kijiji chenye uwezo wa kumtenga mwizi kinaweza pia kumtenga bibi kizee mwenye macho mekundu, ambaye kosa lake ni kupikia moshi wa samadi kwa miaka arobaini. Vikundi vya sungusungu vilishughulikia pia tuhuma za uchawi, na wanawake wazee wakaumia. Watuhumiwa wengine wa wizi walipigwa hadi kufa, na baadhi ya walinzi wakajikuta kizimbani. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, akiwaona kama wananchi wanaojilinda, na chama tawala kikafuata. Lakini ilichukua hadi 1989 kwa Bunge kurekebisha sheria za mgambo ili walinzi hawa wawe na mamlaka ya kukamata. Rais aliyekuwa madarakani wakati huo ni yule yule Mwinyi. Sheria iliwapa kukamata. Kuhukumu iliiachia mahakama. Mpaka huo wa kukamata na kuhukumu ndio umevunjwa mara nyingi kuliko mwingine wowote.

Sasa tuje Lamadi, tuone mtindo huu wa kijijini ukifika mji mdogo. Kata hii ya Wilaya ya Busega, katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa 2012, iko mahali ambapo barabara ya Bariadi inakutana na ile ya Mwanza kwenda Musoma na Sirari. Upande mmoja kuna Ghuba ya Speke, na mbele kidogo kuna lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Mabasi yanashusha, malori yanalala, wavuvi na wafanyabiashara wanapanga chumba kwa wiki kisha wanaondoka. Mahali kama hapa kanuni ya mwano inayumba. Lami haitunzi nyayo. Pikipiki iliyoibwa saa nane usiku inaweza kuwa mkoa mwingine kabla ya jogoo kuwika. Na jirani wa chumba cha pili, ambaye zamani ungemjua hadi ukoo wa mama yake, leo humjui hata jina.

Ndiyo maana ulinzi shirikishi wa mji mdogo lazima uanze na daftari kabla ya rungu. Mwenyekiti wa kitongoji ajue nani amehamia. Mwenye gesti aandike majina kwa ukweli, asijaze kurasa kwa ajili ya mkaguzi. Bodaboda waliopo kituoni usiku kucha waingizwe kwenye mpango, maana wao ndio wanaoona nani kapita. Zamu ipangwe kwa kaya zote, na tajiri anayelipa ili asitoke, fedha yake ionekane imenunua tochi na si soda za viongozi.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inamruhusu hata raia wa kawaida kumkamata anayetenda baadhi ya makosa mbele yake, ila inamtaka amfikishe polisi bila kuchelewa. Wewe msomaji, kama una zamu au uongozi mtaani kwako, fungua daftari la doria utazame safu mbili: saa mtuhumiwa alipokamatwa na saa alipokabidhiwa kituoni. Kama safu hizo hazipo, zichoreni kabla ya doria ya leo.