Ikinge Kompyuta Yako na Virusi

Siku hizi kompyuta imeingia katika nyumba nyingi. Pengine kijana wako amekuja nayo kutoka mjini. Pengine wewe ni mweka hazina, na ndani yake mna hesabu za kikundi chenu cha kuweka na kukopa. Hesabu hizo ni jasho la watu. Zikipotea, utawajibu nini wenzako? Katika somo hili utajifunza jinsi ya kuikinga kompyuta, na la kufanya kinga inapogoma.

Virusi vya kompyuta ni nini?

Virusi hivi si wadudu, wala havimwambukizi mtu. Kirusi cha kompyuta ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtu. Maagizo hayo hujinakili na kuhama kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kimoja cha mwanzo kabisa katika kompyuta ndogo kiliitwa Brain. Kilitoka Lahore, Pakistani, mwaka 1986, na kilienea kwa diski. Leo virusi huenea kwa flashi na kwa intaneti.

Virusi vingine huficha mafaili. Vingine huiba maneno ya siri. Vingine huyafunga mafaili yako, kisha mwenye kirusi hudai fedha. Mwezi Mei 2017 kirusi cha namna hiyo, WannaCry, kilienea katika nchi zaidi ya 100. Huko Uingereza hospitali nyingi ziliahirisha matibabu ya wagonjwa. Lakini kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa marekebisho ya kukizuia tangu mwezi Machi mwaka huo. Kompyuta nyingi zilizoshambuliwa hazikuwa zimewekewa marekebisho hayo. Dawa ilikuwapo, ila haikutumiwa.

Kinga iko wapi?

Kompyuta yenye Windows 10 au Windows 11 huja na kinga yake, iitwayo Microsoft Defender. Huinunui. Tazama pembe ya chini ya kioo, upande wa kulia, karibu na saa. Utaona alama ya ngao. Usipoiona, bonyeza kishale kidogo kilicho hapo. Ngao yenye alama ya kijani maana yake ni salama. Njano ni onyo. Nyekundu ni hatari.

Jinsi ya kuipanga

Kama maandishi ni ya Kiingereza, mwombe mwalimu au kijana wako akusomee mara ya kwanza.

1. Fungua ngao, kisha ingia katika sehemu ya kinga ya virusi. Katika mipangilio yake, swichi ya ulinzi wa wakati wote iwe imewashwa. Mtu akikuambia uizime ili programu fulani iingie, kataa.

2. Sasisha kinga. Kinga huvitambua virusi kwa orodha ya alama zake, na virusi vipya huzuka kila siku. Ni kama chanjo ya kideri. Ukichanja kuku mara moja tu na kusahau, ugonjwa utawarudia. Weka bando japo mara moja kwa juma, uiache kompyuta ipokee orodha mpya. Pokea pia marekebisho ya Windows yenyewe. Marekebisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kompyuta yako inaweza kupokea Windows 11, ipandishe.

3. Kagua. Ukaguzi wa haraka huchukua muda mfupi. Ukaguzi kamili huweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo ufanye wakati umeme ni wa uhakika.

4. Kagua kila flashi kabla ya kuifungua, hata kama ni ya rafiki yako. Bonyeza alama ya flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua ukaguzi.

Kinga inapogoma

Kinga haisasishwi. Kwanza tazama kama bando lipo. Kisha tazama tarehe ya kompyuta. Katika kompyuta kuukuu, betri ndogo ya ndani huisha, na saa hurudi nyuma miaka mingi. Tarehe ikiwa ya uongo, kompyuta huweza kukataa kuaminiana na mitambo inayotoa orodha. Rekebisha tarehe, ujaribu tena. Mpelekee fundi aibadilishe betri.

Kompyuta imekuwa nzito. Huenda ina kinga mbili. Walinzi wawili wasiojuana, wakikutana gizani, kila mmoja humdhania mwenzake mwizi. Bakiza kinga moja. Kama ile uliyowekewa dukani ilikuwa ya majaribio na muda wake umekwisha, iondoe, kisha zima na uwashe upya. Defender itashika zamu yenyewe. Fungua ngao uhakikishe.

Folda za flashi zimegeuka alama zenye vishale. Usizibonyeze, wala usiifute flashi. Mara nyingi mafaili yako yapo, ila kirusi kimeyaficha. Ondoa kirusi kwanza kwa ukaguzi. Kisha mwombe anayejua aonyeshe mafaili yaliyofichwa.

Kirusi kinaondolewa, kinarudi. Tumia ukaguzi unaofanyika kabla Windows haijawaka. Hifadhi kazi yako, kisha uchague ukaguzi huo ndani ya ngao. Kompyuta itajizima na kujiwasha, na kirusi kitakutwa kimelala.

Kioo kinapiga kelele kuwa una virusi, na kinakutaka upige simu au ulipe. Hao ni matapeli. Usipige, usilipe, usiandike neno la siri. Funga ukurasa huo. Ukikataa kufungika, zima kompyuta.

Weka nakala

Hakuna kinga inayozuia kila kitu. Kwa hiyo nakili hesabu zako katika flashi mbili kila baada ya mkutano. Ukimaliza, zichomoe na uziweke mahali pakavu. Flashi iliyoachwa ndani ya kompyuta huugua pamoja nayo. Na daftari la karatasi usilitupe. Mkulima haweki mbegu zake zote katika ghala moja.

Maswali

1. Kirusi cha kompyuta huenea kwa njia zipi?
2. Kwa nini kinga isasishwe mara kwa mara?
3. Tarehe ya kompyuta ikiwa si sahihi, tatizo gani huweza kutokea?
4. Utafanya nini ukiona folda za flashi zina vishale?
5. Hesabu za kikundi chenu zina nakala ngapi? Zungumzeni darasani.